Chambo cha Sponji, Majani ya Kogo

Siku hiyo jikoni tulikuwa mimi, ndugu yangu anayenifuata, dada yetu mdogo, baba mdogo aliyetoka Kimulot, shangazi aliyetoka Kaplong, na kogo, bibi jirani ambaye shamba lake la chai limepakana na letu. Kogo ndivyo tunavyowaita mabibi kwetu. Huyu hakuwa wa ukoo wetu. Alikuja kutuletea mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, akakuta watu wazima wameketi kwa kikao, naye akavuta kigoda akaketi.

Kikao kilikuwa juu yetu sisi watatu. Mama alikufa tukiwa wadogo, na sasa baba pia tulikuwa tumemzika. Jamaa walituacha kwa muda wa heshima, kisha wakaja. Shule zilikuwa zimefungwa, nao walitaka jambo letu liishe kabla hazijafunguliwa. Baba mdogo angemchukua kijana, shangazi angemchukua msichana. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili, baba alipoanza kuugua, ningebaki hapo kuangalia boma na ng'ombe hadi nitakapoolewa.

"Hakuna anayewafukuza," baba mdogo alisema. "Ni kusaidiana tu."

"Si nyumba ina vitanda vya kutosha," nikasema.

"Kwani kitanda kinapika, mama?"

Ndugu yangu aliinua kichwa. "Na mimi kuna mtu ameniuliza?"

"Weri, wewe kijana, kula ugali unyamaze," shangazi akamwambia.

Nilimwomba baba mdogo aniachie likizo hiyo yote. Nikamwambia nikipata kazi ya kufanyia hapa nyumbani, ambayo haitanitoa alfajiri na kunirudisha giza likiingia, atuache tulivyo. Akacheka kidogo. "Kazi gani ya nyumbani? Ya kuhesabu kuku?" Lakini hakuwa mtu mbaya. Alifikiri, akasema shule zikifunguliwa atakuja. Akikuta kazi, atakunywa chai arudi kwake. Akikuta maneno, atarudi na kijana. Shangazi akasema naye atafuata hilo hilo.

Kogo alikuwa akimtazama dada yangu mdogo, aliyeshika upindo wa sketi yangu kama mtoto wa chekechea ingawa alikuwa mkubwa tayari.

Kazi niliyokuwa nikiifikiria ilikuwa kwenye karakana moja nje ya Litein, ambako nilikuwa nikienda tangu nilipoacha shule. Tulikuwa tunafunga chambo bandia. Unachukua ndoana, unaibana kwenye vaisi ndogo mezani, unaizungushia uzi na manyoya na nywele za wanyama mpaka ifanane na mdudu, au isifanane na kitu chochote lakini impendeze samaki. Sisi tuliziita flai. Zilipakiwa kwenye vijisanduku zikaenda nchi za mbali, kwa watu wanaovua kwa kujifurahisha. Wanasema kwenye mito yetu inayotoka msitu wa Mau wapo samaki wanaovuliwa hivyo, walioletwa zamani. Sijawahi kumwona hata mmoja. Nimefunga chakula cha samaki nisiyemjua, kwa mvuvi nisiyemjua, na siku nyingine wazo hilo hunijia nikiwa peke yangu mezani nikahisi kama ninayezungumza kwa simu iliyokatika.

Kule karakana kulikuwa na desturi moja. Ukibuni flai yako mwenyewe na wanunuzi wakaikubali, unapewa vifaa uende kuifunga nyumbani, kwa sababu hakuna mwingine aliyeizoea. Waliofika hapo walikuwa wachache.

Wiki ile ya kikao, mwenye karakana, mtu mnene mpenda utani kutoka upande wa magharibi, alikuja kusimama kati ya meza zetu.

"Sikilizeni. Wanataka kitu kinachoelea. Halafu wakifunge kwa mshipi unaozama."

Chumba kizima kilicheka. "Bosi, si waamue kwanza!" mwenzangu mmoja akasema.

"Hata mimi nilicheka. Lakini sikiza. Mshipi unalala chini kabisa, kwenye sakafu ya ziwa. Chambo kinakaa juu ya majani ya maji, kimefungwa kama ndama kwa kamba. Ukivuta mshipi, kinapiga mbizi. Ukiacha, kinainuka polepole. Hapo kinapoinuka ndipo samaki anashindwa kuvumilia. Nani anaweza kunitengenezea kitu hicho?"

Nilisema ninaweza. Sijui ni nani aliyenisukuma. Wenzangu waligeuka kunitazama, maana nilijulikana kwa kukaza uzi vizuri, si kwa kubuni. Mwenye karakana akaniazima vaisi na ndoana nikajaribie nyumbani.

Shida ya kwanza haikuwa flai, ilikuwa chai. Kwenye mlima wetu akina mama huchuna kwa zamu: leo wote kwa fulani, kesho kwa mwingine, mpaka mzunguko uishe. Siku ya mkono hulipwa kwa siku ya mkono. Hailipwi kwa pesa, wala kwa kuku, wala kwa maziwa. Ukimtolea mtu pesa badala ya mkono atakuuliza kama umemgeuza kibarua. Baba alipokufa zamu zetu zikawa zangu, na chai huchunwa asubuhi, na asubuhi ndio wakati wenye mwanga mzuri wa kufunga flai. Alasiri kwetu huwa mvua, wingu linashuka mpaka mlangoni na huoni tundu la ndoana.

Kogo alikuja akanikuta nimesimama kati ya kikapu na meza.

"Wewe fanya mambo yako ya manyoya," akasema. "Zamu zako nitaenda mimi. Na majani haya ya hapa kwenu nitachuna nikimaliza yangu. Utanirudishia."

"Kogo, mgongo wako."

"Nimekuambia mgongo unauma? Utanirudishia. Siombi, nakopesha."

Basi akaanza. Nikiwa mezani dirishani nilimwona asubuhi zote, mfuko wa plastiki umefungwa kiunoni kuzuia umande, kikapu mgongoni, akisogea mstari kwa mstari kwenye majani yetu.

Mimi nilianza kwa kosa. Nilijua kinachoelea kinahitaji sponji, na sponji niliyoijua ni ya godoro. Nikakata kona ya godoro langu, nikatengeneza vichwa viwili vidogo kama macho ya panzi, nikavifunga juu ya ndoana, nyuma nikaweka mkia wa manyoya laini. Ndugu yangu alijaza maji kwenye sufuria kubwa. Tulidondosha flai ikaelea. Dada mdogo akapiga makofi. Tukaendelea kuitazama, na mbele ya macho yetu ikaanza kushuka, taratibu, bila aibu.

"Imekunywa," ndugu yangu akasema. "Ona, imelewa."

Ni kweli ilikuwa imekunywa. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyofunguka, maji huingia yakakaa. Nilihitaji ile isiyopitisha maji. Nilizunguka nyumba nikitazama vitu kama mwizi, mpaka macho yangu yakatua kwenye miguu ya ndugu yangu.

"Hapana," akasema.

"Leta moja tu."

"Na choo nitaenda na nini?"

"Gambuti za baba zipo."

"Gambuti za baba zinanimeza mpaka magoti!" Lakini alivua. Zilikuwa slipa za bluu, kisigino kimelika. Nilikata kipande kwa wembe, nikakichonga kikawa duara kama mbegu. Maji hayakuingia. Kiliruka juu ya maji kila nilipokisukuma chini, na sisi watatu tukawa tunakigombania kwa vidole jikoni. Nakumbuka kelele ile kwa sababu nyumba haijawahi kuwa na nyingine kama hiyo tangu hapo.

Nilifunga flai ya slipa nikaipeleka. Mwenye karakana aliifunga kwa uzi kwenye kijiwe, akaitumbukiza ndani ya chupa kubwa ya kioo, tukasubiri. Ilisimama kidogo juu ya kijiwe, kisha ikainama, ikalala ubavu.

"Inachoka," alisema.

"Ni sponji nzuri, bosi."

"Sponji ni nzuri. Kitu fulani kinaichosha. Rudi nayo."

Nilirudi nayo, nikafunga nyingine, na nyingine. Zote zilichoka. Nikafikiri ni uzito wa ndoana, nikabadili ndoana. Nikafikiri ni gundi, nikaacha gundi. Shule zilikuwa zinakaribia na ndugu yangu alikuwa ameacha kutania. Alikuwa akija kusimama nyuma yangu na gambuti zake, anatazama, anaondoka.

Alasiri moja mvua ilimfukuza kogo shambani akaingia kwetu na kikapu kimejaa nusu. Alikiweka chini, akakung'uta kichwa, akaja kutazama ninachofanya. Nilikuwa navuta uzi kwa nguvu zote, namna nilivyofundishwa: zungusha, vuta, zungusha, vuta, kwa sababu flai inayofumuka hurudishwa, na aliyefunga huitwa mbele ya wote.

"Mbona unaikaba hivyo?" akauliza. "Imekuibia?"

"Nisipokaza inafumuka, kogo."

"Wewe ukichuna majani unayashikaje?"

Nikanyoosha mkono nikamwonyesha, kiganja wazi kidogo, kwa sababu kila mtoto wa kwetu hujua. Ukiyafumbata majani mkononi yanapata joto, yanaungua, yanageuka kahawia kabla hayajafika kwenye mizani, na karani huyamwaga chini mbele ya watu. Unayashika kama kifaranga, mkono umejaa lakini haujafunga.

"Basi," kogo akasema, akageukia jiko kuota moto. Hakuwa amenifundisha flai. Hakujua hata inaenda wapi. Alikuwa amechoka tu na kuona mtu akishika kitu vibaya.

Niliifungua ile flai. Mahali uzi ulipopita, sponji ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba na ngumu kama ngozi ya kiatu. Hewa yote niliyokuwa nikiitafuta nilikuwa nimeikamua kwa mikono yangu. Nikaanza upya. Kwanza nilifunga uzi mtupu juu ya chuma cha ndoana, huo nikaukaza nilivyotaka, ukawa kama mizizi. Kisha nikakata sponji ndefu kidogo, katikati nikaipunguza kwa wembe ikawa shingo, nikailaza kwa upana. Uzi ukapita kwenye shingo peke yake, kwa kuvukana, mara chache, mkono ukiwa laini. Vichwa viwili vikabaki nje, vimevimba, havijaguswa.

Kwenye sufuria niliifunga kwa uzi kwenye ufunguo wa kufuli. Ilisimama juu ya ufunguo. Niliuvuta uzi ikapiga mbizi. Niliacha, ikainuka bila haraka, mkia ukifunguka kama pumzi. Tulikunywa chai, tukakamua ng'ombe, mvua ikaisha, tukarudi. Ilikuwa imesimama.

"Hiyo ndiyo," ndugu yangu akasema kwa sauti ndogo.

Mwenye karakana aliitazama kwenye chupa yake muda mrefu. "Hii haichoki," akasema. Lakini hakuwa yeye wa kuamua. Ilibidi flai zisafiri, zikajaribiwe kwenye maji ya huko, na jibu lirudi. Alicheka aliponiona ninavyomtazama. "Mama, samaki hawalipi. Anayelipa ni yule mwenye mshipi. Subiri."

Nilisubiri. Kogo aliendelea kuchuna, kwa sababu sasa nilikuwa nafunga nyingine nyingi za mfano, za rangi tofauti. Kila simu ilipolia nilidhani ni jibu.

Shule zikafunguliwa kabla ya simu hiyo kulia.

Baba mdogo alikuja asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Nilimtengea chai. Nilimwekea sufuria ya maji mbele yake na flai ndani, nikamwonyesha inavyopiga mbizi na inavyoinuka. Alivuta uzi mwenyewe mara kadhaa, akafurahi kama mtu yeyote.

"Ni kitu kizuri," akasema. "Sasa niambie. Umepewa kazi?"

"Nangoja jibu."

"Nimekuuliza umepewa kazi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyejua zaidi yangu. Nilitazama maji, nikasema bado.

Aliweka kikombe chini. Hakuonekana kushinda kitu. Kabla hajafungua mdomo ndugu yangu alitoka chumbani na mfuko wake mgongoni, amevaa gambuti, kumbe alikuwa ameupanga tayari.

"Baba mdogo, mimi nakuja," akasema. "Lakini huyu mdogo mwache na dada."

"Shangazi yako alisema..."

"Mpigie. Mwambie mmoja ameenda. Wasiende wote."

Baba mdogo alitoka nje kupiga simu. Tulimsikia akizungumza, akinyamaza, akizungumza. Ndugu yangu hakunitazama. Alikuwa akimfunga dada mdogo kamba ya kiatu, kiatu ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Baba mdogo akarudi akasema shangazi amekubali. Wakashuka njia inayopita katikati ya chai, koti jeusi mbele na gambuti nyuma, na kwa sababu majani yetu yalikuwa yamepandwa kwenye mteremko, miguu ilipotea kwanza, halafu migongo, halafu vichwa.

Simu ililia baadaye, mvua za mwezi uliofuata zikiwa zimeanza. "Wameipenda," mwenye karakana akapiga kelele. "Njoo uchukue vaisi yako mwenyewe, njoo na gunia!" Nilibeba vifaa hadi nyumbani, nikamwachia kogo dada yangu, siku iliyofuata nikaenda Kimulot kumchukua ndugu yangu.

Nilimkuta akinywesha ng'ombe. Alikuwa amerefuka, au ni mimi nilifikiri hivyo. Alinionyesha ndama mmoja akaniambia ni wake, amepewa na baba mdogo. Shuleni alikuwa kwenye timu. Nilimwambia kazi imepatikana, ni ya nyumbani, ndiyo ile tuliyokuwa tukiitaka.

"Nimesikia. Hongera, dada."

"Basi chukua mfuko."

Alisugua shingo ya ndama kwa muda. "Nimezoea hapa," akasema. "Na watoto wa baba mdogo wote walishaoa na kuolewa. Nikitoka, yeye atabaki na nani?"

Tulikula, nikalala, asubuhi nikarudi peke yangu.

Dada mdogo nilikaa naye mpaka alipomaliza shule. Sasa yuko chuoni Eldoret na hunipigia Jumapili baada ya kanisa. Ndugu yangu ana chai yake huko Kimulot, na akija huja na mkewe na haraka ya kurudi. Mimi nafunga flai za sponji. Siku hizi sponji inakuja kwenye karatasi safi za rangi zote, slipa za watu zimepona. Nina meza pale pale dirishani. Ikifika alasiri wingu linashuka, nafunika vaisi kwa kitambaa, nawasha redio si kwa ajili ya habari bali kuwe na mtu anayeongea. Mikono yangu haijaharibika. Kuna siku hupita sijasema neno ila kwa ng'ombe.

Kogo nilianza kumrudishia mara tu kazi iliposhika. Nilichuna kwake nilipoweza, lakini yeye alikuwa amenichunia likizo nzima na zaidi, zamu zangu na shamba langu, na hata sehemu ndogo ya hiyo sikuwa nimeifikia alipoanguka akaumia nyonga. Wanawe waliokuwa wakikaa mbali walirudi kuangalia mambo. Wakasema chai haina faida tena. Wakaing'oa yote, wakapanda avokado. Nilikuwa mezani nikisikia mashina yakikatika.

Wiki iliyopita nilimpelekea maziwa. Yeye huketi mlangoni sasa, mguu juu ya kigoda, blanketi mabegani.

"Chamgei, kogo. Nimekuletea maziwa."

"Chamgei. Maziwa ni maziwa, asante. Majani je?"

"Kogo, chai yako iling'olewa."

"Kwani ni mimi niliyeing'oa?"

"Zikizaa hizi avokado nitakuja kukuchunia."

Alinitazama kama niliyetukana. "Avokado inachunwa? Hiyo unaipiga na fimbo inaanguka. Hiyo si mkono."

"Nikachune kwa jirani, niseme ni kwa niaba yako?"

"Nitakuwa nimekopesha jirani? Jirani alinikopa?"

Nilijaribu na neno jingine, ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote. Nikamwambia nilikopa mikono yake ili ndugu zangu wabaki wote wawili, na alibaki mmoja, na huyo mmoja naye ameenda.

Kogo alimeza maziwa, akapangusa mdomo. "Majani niliyochuna yalikuwa yale yale," akasema. "Hayakujua watabaki wangapi."

Tukakaa. Mbele yetu miche ya avokado ilisimama mbali mbali, na kati yake nyasi. Aliniuliza dada mdogo anasomea nini, nikamwambia, akasahau, akaniuliza tena. Mvua ilipoanza kunukia nilisimama nikachukua kibuyu changu kitupu.

"Kwa hiyo bado ni deni," nikasema.

"Ni deni," akasema. "Ulifikiri ni nini?"